Kitenzi "piga": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu, na hakuna kitenzi kinachoniletea maswali mengi kama piga. Wanafunzi wa sekondari huuliza, wazazi huuliza, na wageni wanaojifunza lugha huja wamechanganyikiwa kabisa: walifunzwa kwamba kupiga ni kuchapa kwa mkono au fimbo, kisha wakasikia mmoja amepiga simu, mwingine amepiga pasi na wa tatu amepiga magoti. Maswali yanayorudi kila mara nimeyakusanya hapa. Mengine yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe lina kina, na mengine yanamalizika kwa sentensi mbili.

Piga maana yake hasa ni nini?

Maana ya kwanza kila mtoto anaijua: kukiendea kitu kwa nguvu na kwa ghafla, ukakipata kwa mkono, mguu, fimbo, jiwe au risasi. Hapo kitenzi hujitosheleza. "Usimpige mtoto" ni sentensi kamili, hakuna atakayeuliza "kumpiga nini?"

Kazi ya pili ndiyo kubwa zaidi. Piga hushikana na nomino fulani na pamoja huunda kitendo kipya. Piga simu ni habari ya simu, piga kura ni habari ya kura, piga mbizi ni habari ya kuzama majini ukaibuka kwingine. Kitenzi kinasema tu kwamba kuna tendo limefanyika. Ni tendo gani, nomino ndiyo inayosema. Basi ukisikia "amepiga", ngoja nomino. Karibu makosa yote ninayosahihisha hutokana na mtu kukifasiri kitenzi kabla hajaisikiliza nomino yake.

Kwa nini piga, wala si fanya?

Tazama nomino zenyewe utaona kwamba hazikuokotwa ovyo. Kundi moja ni la sauti: kengele, ngoma, honi, mluzi, kelele, makofi, kamsa, hodi. Kitu kimegongwa au pumzi imesukumwa, sauti ikatoka. Kundi jingine ni la mkono unaokwenda na chombo: piga pasi, piga deki, piga randa, piga muhuri, piga chapa. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili usimame karibu na fundi wa nguo anayetumia pasi ya makaa. Huipuliza majivu kwanza, huinyunyizia nguo maji kwa vidole, kisha huishusha pasi kwa uzito wake na kuisukuma mbele na nyuma mpaka mkunjo ulale. Mkono huo, mwendo huo na uzito huo ndio uliomo ndani ya piga. Seremala akipiga randa mambo ni hayo hayo, ila yeye hubakiza maranda miguuni.

Lipo pia kundi la mwili: piga magoti, piga chafya, piga miayo, piga mbizi, piga mbio. Haya ni matendo yanayokuja kwa mkupuo mmoja. La mwisho ni la mambo yasiyoshikika, kama piga marufuku, piga hesabu, piga vita na piga ramli. Hata humo, ukichimba, mara nyingi utaukuta mkono. Ramli ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake mchanga. Mpiga ramli alikuwa akipigapiga alama mchangani na kuzisoma. Deki ni sitaha ya meli, ambayo mabaharia waliisugua kwa maji na brashi kabla neno halijafika kwenye sakafu za nyumba zetu. Simu nayo ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na kabla ya kuwa chombo cha kuzungumzia lilikuwa jina la telegrafu, ambayo kebo yake ya baharini ilifika Unguja mwaka 1879. Karani wa telegrafu hakusema neno, aligonga kitufe. Kupiga simu wakati huo kulikuwa kupiga kwelikweli.

Mama yangu haongei Kiswahili sana, lakini hasumbuliwi na piga hata kidogo. Mbona?

Kwa sababu lugha yake ya nyumbani inafanya vivyo hivyo, na hili ni jambo ambalo natamani walimu wa ukanda huu walitumie zaidi. Mzungumzaji wa Dholuo husema *goyo* kwa maana ya kuchapa, kisha husema *goyo simo* kwa simu, *goyo koko* kwa kelele, *goyo chong* kwa kupiga magoti, na *goyo erokamano* kwa kutoa shukrani. Hiyo ya mwisho hatunayo kwa Kiswahili, nasi hatupigi shukrani, lakini mpangilio ni ule ule. Waluhya wana *khukhupa isimu*. Kisii husema *goaka esimi*. Msomaji aliyeko Nakuru ambaye kwao ni Kikikuyu atakumbuka *kũhũra thimũ* na *kũhũra mbica*.

Chukua nyatiti, ala ya muziki ya Waluo. Ina nyuzi nane, na mchezaji huzidonoa kwa vidole, huku kidole gumba cha mguu kilichovikwa pete ya chuma kikigonga mbao kutunza mdundo. Vidole vinadonoa, lakini kwa Dholuo ni *goyo nyatiti* na kwa Kiswahili ni kupiga nyatiti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, nayo hupigwa, na hapo hakuna wa kubisha maana ni ngoma.

Kwa hiyo mtoto wa Ahero au wa Mumias anayejifunza piga tayari anao mpango huo kichwani. Mwambie aulize nyumbani wanasemaje. Atashangaa jinsi somo litakavyokuwa jepesi.

Ni "nipige simu" au "nipigie simu"?

Nipigie simu. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili maelezo ya kutosha kwa sababu herufi moja tu, *-i-*, hubeba tofauti kubwa.

Piga ikiwa na kiambishi cha mtu, bila *-i-*, humfanya huyo mtu kuwa ndiye anayepatwa na tendo. Pigia humfanya kuwa ndiye tendo linayemwelekea au linalofanywa kwa ajili yake. Simu inapigwa, wewe unapigiwa. Ukisema "nilipigwa simu", anayekusikiliza kwa makini ataelewa kwamba kuna mtu alikurushia simu ikakupata.

Katika insha moja ya mwanafunzi nilisoma hivi: "Mgeni rasmi alipomaliza hotuba yake, wazazi walisimama wote wakampiga makofi." Mtoto alitaka kusema walishangilia. Alichoandika ni kwamba mgeni rasmi alizabwa makofi na wazazi waliosimama wote. Kumpigia makofi ni kumshangilia. Kumpiga makofi ni kumwadhibu mashavuni. Herufi *-i-* ndiyo iliyokuwa imuokoe mgeni.

Picha ni tofauti kidogo, nayo inachanganya wengi. "Nimempiga picha" ni sahihi: yeye ndiye anayeonekana kwenye picha. "Nimempigia picha" pia ni sahihi, ila maana yake ni kwamba nimemsaidia kupiga picha ya kitu kingine, labda ya duka lake au ya ng'ombe anayemuuza. Kwa kura hakuna njia mbili: mgombea hupigiwa kura. Kwa teke, ngumi, risasi na kofi, mtu hupigwa, kwani yeye ndiye anayeumia.

Njia rahisi ya kukagua: jiulize kama huyo mtu ameguswa na kitendo mwilini mwake, au sura yake imenaswa. Kama ndiyo, ni piga. Kama kitendo kimemwelekea tu au kimefanywa kwa niaba yake, ni pigia.

Piga nguo pasi au piga pasi nguo?

Yote mawili utayasikia. Mimi hupendelea la kwanza, kwa sababu nguo ndiyo inayopatwa na tendo: nguo zimepigwa pasi, lipige pasi shati hili la shule. Sakafu vilevile: imepigwa deki.

Je, ni kosa kusema "chukua picha"?

Ikiwa unamaanisha kubonyeza kamera, ndiyo. Kuchukua picha ni kuishika picha iliyokwisha kutengenezwa ukaenda nayo. Ukienda studioni ukaambiwa "njoo kesho uchukue picha", unaitwa kuzibeba, kwani ulishapigwa jana. Kwa Kiingereza picha huchukuliwa, na hapo ndipo usemi huu ulipotokea. Vijana wengi huwaza kwa Kiingereza kwanza kisha wakavisha sentensi maneno ya Kiswahili. "Fanya simu" imezaliwa vivyo hivyo. Naomba tuziache zote mbili. Hatuna upungufu wa maneno hapo hata tukaazime.

Lakini jihadhari usifagie kila kitu. Chukua hatua ni Kiswahili kizuri, ila maana yake si ya piga hatua. Aliyepiga hatua ameendelea mbele: "Kijiji chetu kimepiga hatua tangu umeme ufike." Aliyechukua hatua amefanya jambo ili kurekebisha hali: "Chifu alichukua hatua dhidi ya wauzaji wa chang'aa." Gavana anaweza kuchukua hatua na kaunti isipige hatua yoyote.

Piga vita, pigana vita, pigania: zinatofautianaje?

Kupiga vita jambo ni kulipinga kwa bidii mpaka likome: tunapiga vita ufisadi, tunapiga vita malaria. Kupigana vita ni kuingia vitani na adui mwenye silaha. Askari wa Kenya walipigana vita nchini Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kupigania ni kupigana kwa ajili ya kitu unachokitaka au usichotaka kikuponyoke: kupigania uhuru, kupigania shamba, ndugu kupigania urithi.

Kosa la kawaida ni "tunapigania ufisadi". Sikiliza vizuri: huyo anautaka ufisadi!

Na kupigana kwenyewe, huku magharibi, kuna maana ambayo watu wa kwingine huisoma tu kwenye methali. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa Khayega au Malinya asubuhi ya mashindano, isukuti zikilia na fahali wawili wamegonganisha pembe, hahitaji kuelezwa. Nyasi pale huvurugwa mpaka udongo ukawa wazi. Ukimfunza mtoto wa Kakamega methali hii, anza na fahali wa huko kwao kabla hujafika kwa viongozi wanaozozana.

Kwenye magazeti na redio nasikia "kupigwa msasa", "kupigwa jeki", "kupigiwa upatu". Wanapiga nini?

Wanahabari wa Kenya wanaipenda sana piga, na kwa hili nawashukuru, kwa kuwa wamezipa nahau za zamani kazi mpya.

Msasa ni mmea wenye majani yanayokwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya msasa kuja madukani. Kupiga mbao msasa ni kuzikwaruza mpaka ziwe laini. Kutoka hapo mtu anayefunzwa kazi hadi akaiva amepigwa msasa. Kwenye siasa maana imesogea tena: waziri mteule hupigwa msasa na wabunge, yaani huhojiwa na kuchunguzwa, kwa vile Katiba ya 2010 inataka Bunge la Taifa limwidhinishe kabla ya kuteuliwa rasmi. Maana hizo mbili, ya kunolewa na ya kuchunguzwa, zote zinaishi, kwa hiyo itazame sentensi nzima.

Jeki ni kile chombo cha kuinulia gari tairi likipata pancha. Biashara iliyopigwa jeki imeinuliwa, mara nyingi kwa pesa: "Wakulima wa miwa wamepigwa jeki." Upatu ni sinia la shaba linalogongwa katika ngoma, anayepigiwa upatu ni yule ambaye watu wanamvumisha kuwa atashinda au atachaguliwa. Kupigia debe ni jirani yake. Debe la bati likigongwa halina siri, na anayekupigia debe anakutangaza kwa watu waziwazi. Ukienda steji za matatu za Kisumu au Nakuru utawakuta wapigadebe halisi wakiwaita abiria.

Tatu nyingine za haraka. Aliyepigwa kalamu amefutwa kazi. Aliyepiga abautani amegeuka ghafla na kuacha msimamo wake wa jana, kama askari anayegeuzwa nyuma kwenye gwaride. Na kupiga jambo darubini ni kulichunguza kwa makini; darubini haigongwi, lakini mkono unaoinua chombo na kukielekeza bado umo.

Mvua inaweza kumpiga mtu?

Inaweza, na baridi, jua, stima na radi pia. Huku kwetu, hasa Kisii na Kakamega ambako radi ni nyingi, "amepigwa na radi" ni sentensi ya kawaida na ya majonzi. Ona *na*: hutokea pale anayepiga anapotajwa. Hali ya moyo nayo humpiga mtu kwa njia hiyo hiyo: kupigwa na butwaa, kupigwa na bumbuazi, kupigwa na mshangao. Kwa hiyo "nilipigwa na butwaa" inakamilika. "Nilipiga butwaa" haipo, kwani butwaa hukujia, huiendei.

Je, "piga moyo konde" ina uhusiano na shamba?

Hapana. Konde hapa ni ngumi. Kupiga moyo konde ni kujipa ujasiri pale unapokaribia kukata tamaa: "Alipofiwa na mumewe alipiga moyo konde akawalea watoto." Ni nahau ninayoipenda mno, na naiona ikitumiwa vibaya kwa mambo madogo kama kuamka mapema. Iwekeni kwa mambo mazito.

Na "amepiga maji"?

Amelewa. Usiandike kwenye barua rasmi.

Piga chafya au kwenda chafya?

Zote ni sawa. Kwenda chafya na kwenda miayo husikika zaidi kwa wazee na katika maandishi ya kale. Piga imezipiku katika mazungumzo ya leo.

Vijana husema "piga sherehe", "piga luku", "piga stori". Tuwakanye?

Mimi siwakanyi, hata kwa piga luku, yaani kuvaa maridadi. Mpangilio wao ni wa Kiswahili kabisa: nomino mpya imekuja, wameikabidhi kwa piga, kama vile wazee walivyofanya picha, deki na jeki zilipoingia. Hiyo ni dalili kwamba kitenzi kingali hai midomoni mwa watu. Ninachowaambia ni mahali pa kuyatumia. Katika insha ya mtihani, yaweke ndani ya mazungumzo ya mhusika kijana, kwenye alama za usemi. Katika sehemu zako mwenyewe za masimulizi tumia sherehekea, piga gumzo, piga soga.

Mtihani wa KCSE huuliza nini kuhusu kitenzi hiki?

Katika mtihani huu wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, ina alama 80, na 40 kati yake ni za matumizi ya lugha. Piga hufaa sana hapo. Unaweza kuombwa utunge sentensi kutofautisha maana, ubadilishe kitenzi kutoka kauli moja hadi nyingine, au uunde nomino kutokana na kitenzi. Jua kauli zake: pigia, pigwa, pigiwa, pigana, pigiana, pigisha, pigika, piganisha. Jua pia nomino zake: pigo, kipigo, mapigo, mpigo, upigaji, mpiganaji. Usichanganye mapigo ya moyo, ambayo daktari huyahesabu, na kipigo, ambacho timu iliyoshindwa huenda nacho nyumbani. Kwa mpigo ni mara moja bila kurudia: "Alimaliza kazi zote kwa mpigo."

Nizijifunze vipi bila kukariri orodha ndefu?

Achana na orodha ya maneno matupu. Tenga daftari moja, na kila ukikutana na piga mpya, sokoni, kanisani, msikitini, redioni, andika sentensi nzima uliyoisikia na nani aliyeisema. Kisha chini yake andika sentensi mbili zako: moja yenye mtu anayepigwa au anayepigiwa, nyingine katika kauli ya kutendwa. Ukiandika "fundi ameipiga mbao randa", fuatisha "mbao imepigwa randa" na "fundi amenipigia mbao yangu randa". Sentensi ikikataa kugeuka, usiilazimishe. Iandikie alama ya kuuliza pembeni, umpelekee mwalimu wako. Alama hizo za kuuliza ndizo ninazozipenda zaidi ninaposahihisha, na nyingi za ukurasa huu zilianzia hapo.